Android ni huria, basi kwa nini Google ndiyo yenye neno la mwisho?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko Njombe. Nina simu ya Tecno ya siku nyingi, Android 9, kioo kizima, betri bado inajikongoja. Tatizo ni programu ya benki, imeanza kugoma kufunguka. Fundi wa mjini ameniambia nimpe aiflashi, aondoe Google yote, aniwekee mfumo huria, eti simu itarudi kuwa nyepesi. Wanafunzi wangu nao wamenichanganya. Mmoja anasema Android yenyewe ni huria tangu zamani, kila mtu anaruhusiwa kuichukua. Mwingine anasema Google inakuja kuzuia APK, yale mafaili ya kuwekea programu, tunazorushiana kwa Xender. Kama ni huria, inazuiwaje? Na hii simu nimpe fundi au nisimpe?

Jibu: Marahaba mwalimu. Wanafunzi wako wote wawili wamesema kweli, wa pili kwa sehemu. Fundi naye hajadanganya, ila kuna jambo hakukwambia, na hilo ndilo litakalokugharimu. Nitaanza na la wanafunzi, maana ukilielewa hilo, la simu linajijibu kwa sehemu kubwa.

Android ilianza 2003 huko Palo Alto, Marekani, kampuni ndogo ya Andy Rubin na wenzake watatu. Google ikainunua 2005. Tarehe 5 Novemba 2007 ikatangaza muungano wa watengenezaji wa simu, mitandao na kampuni za chipu, na mwaka uliofuata msimbo wa mfumo, yaani maandishi yanayouunda, ukawekwa hadharani. Mradi huo wa msimbo wa wazi unaitwa AOSP, na upo mpaka leo. Chini kabisa kuna kerneli ya Linux, kiini kinachoviendesha vipuri vya simu, yenye leseni ya GPL toleo la 2. Hiyo inasema ukiibadilisha kerneli na kuwauzia watu simu zenye mabadiliko yako, nao wana haki ya kupewa msimbo wake. Juu ya kerneli, sehemu kubwa ya Android iko chini ya leseni ya Apache 2.0, ambayo ni laini zaidi: chukua, badilisha, uza, na ukitaka kuficha ulichobadilisha, ficha. Ndiyo maana kila kampuni ina Android yake yenye jina na rangi zake. Hiyo HiOS iliyomo kwenye simu yako ni Android iliyoongezewa mambo ya Tecno, na leseni haiwalazimishi kukuonyesha waliongeza nini.

Kwa hiyo mwanafunzi wa kwanza yuko sahihi. Akipata kompyuta yenye nafasi ya gigabaiti 400 kwenye diski na RAM ya gigabaiti 64, vipimo ambavyo Google wenyewe wanavitaja, anaweza leo hii kuupakua msimbo, kuujenga na kupata mfumo mzima bila kumwomba mtu ruhusa. Bando la kupakulia sitaki hata kulipigia hesabu.

Shida inaanza akishaiwasha simu hiyo. Inapiga, inapokea, inatuma SMS, ina kalenda na kikokotoo. Haina Play Store wala ramani. Programu ya kuitia bodaboda ukiiweka inafunguka, halafu inalalamika kwamba kuna kitu hakipo. Na jumbe za programu nyingi zinachelewa au haziji kabisa mpaka uifungue programu yenyewe.

Hilo la jumbe tulitazame kwa karibu, kwa sababu ndani yake kuna kisa kizima. Programu nyingi zikitaka kukuarifu jambo, seva zake haziigongi simu yako moja kwa moja. Zinaupeleka ujumbe kwenye seva za Google. Google wana muunganisho mmoja ulio wazi muda wote kati yao na simu yako, na upande wa simu kuna programu ya chinichini, Google Play Services, inayoupokea na kuiamsha programu husika. Ni ufundi mzuri, tuseme haki. Muunganisho mmoja unakula betri kidogo sana kuliko programu thelathini kila moja na wake. WhatsApp ina uwezo wa kujitegemea ikikosa njia hiyo, ila nyingi hazikujiandaa. Na Play Services haimo kwenye AOSP. Msimbo wake umefungwa, ni mali ya Google, na mtengenezaji wa simu haipati bila mkataba.

Tangu Play Services ilipotoka 2012, kazi moja baada ya nyingine imehamia huko: kujua mahali ulipo, kuingia kwa akaunti, malipo, ramani ndani ya programu za watu wengine, ukaguzi wa usalama. Waandishi wa programu wakaizoea kwa sababu inawarahisishia kazi na iko karibu kwenye kila simu wanayoilenga. Huku nyuma, programu za AOSP zenyewe, kibodi, kipiga muziki, kisoma barua pepe, zikaachwa zizeeke, na za Google zenye kazi ileile zikawa zinanawiri. Kiwanja ni cha kijiji, kila mtu ajenge anavyotaka. Bomba la maji, nguzo za umeme na barabara ya kuingilia ni vya mzee mmoja.

Na mzee huyo ana masharti. Mikataba yake na watengenezaji ilikuwa ya siri kwa miaka. Yaliyomo tuliyajua kupitia mahakama na uchunguzi wa serikali mbalimbali. Sharti la kwanza: ukitaka Play Store kwenye simu unazouza, pakia pia Chrome, utafutaji wa Google na programu nyingine za kundi hilo. La pili ndilo zito: usiuze kifaa chochote, hata kimoja, chenye Android iliyochepushwa, yaani iliyobadilishwa ikashika njia yake, ambayo Google hawakuipitisha. Ukiwa kampuni kubwa yenye simu ishirini sokoni, huwezi kujaribu hata moja pembeni.

Septemba 2012 Acer walikuwa tayari kuzindua huko Shanghai simu yenye Aliyun, mfumo wa Alibaba, kampuni kubwa ya China. Uzinduzi ukafutwa saa chache kabla. Alibaba wakasema Google wametishia kuwakatia Acer ushirikiano wa Android. Google wakajibu kwamba Aliyun ni Android iliyochepushwa, na wanachama wa muungano waliahidi kutofanya hivyo. Siku hiyo msimbo wa AOSP ulikuwa wazi kama ulivyokuwa jana yake, na haukuwasaidia Acer chochote.

Kamisheni ya Ulaya iliiangalia mikataba hiyo na tarehe 18 Julai 2018 ikaipiga Google faini ya yuro bilioni 4.34. Mahakama ikaipunguza 2022 hadi bilioni 4.125, lakini kesi yenyewe ikabaki imesimama kwa sehemu kubwa. Korea Kusini ikatoa faini yake 2021, India 2022. Kwa maoni yangu zote zilikuja mchezo umeshaisha. Faini ya Ulaya ilipotoka, Windows Phone ilikuwa imekufa, Firefox OS imekufa, na hakuna mtengenezaji mwenye akili timamu aliyekuwa na hamu ya kujaribu mfumo wa tatu, mbali na Android na wa iPhone.

Ukitaka ushahidi wa wazi kabisa, mtazame Huawei. Mei 2019 serikali ya Marekani iliiweka kwenye orodha ya kampuni ambazo Wamarekani hawaruhusiwi kufanya nazo biashara bila kibali. Wakati huo Huawei ilikuwa ikishindania nafasi ya juu duniani kwa mauzo ya simu. AOSP haikuwapotea hata mstari mmoja, leseni ya Apache haijui vikwazo vya nani. Walichopoteza ni Play Services na Play Store kwenye simu mpya. Simu yao ya Mate 30 ikazinduliwa Munich Septemba mwaka huohuo, kamera za kutisha, chipu yao wenyewe, na ndani hakuna Google. Wazungu wakaipa sifa, kisha wakaenda kununua Samsung. Nyumbani China Huawei haikuumia hivyo, kwa sababu kule watu walishazoea kuishi bila Play Store, wana maduka yao ya programu na WeChat yao. Ndiyo maana wameweza kwenda mbali mpaka 2024 wakatoa HarmonyOS isiyokuwa na msimbo wa AOSP ndani yake. Nani mwingine duniani ana soko la nyumbani la ukubwa huo na serikali inayomsukuma kwa nyuma? Mimi simwoni.

Kuna kisa kingine kinachotuhusu kwa karibu zaidi. Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, walitoa simu za Firefox OS mwaka 2013, zilizolengwa nchi zenye watu wa kipato cha chini. Mwishoni mwa 2015 wakanyoosha mikono. Kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, watu wengine wakauokota wakautengeneza kuwa KaiOS, mfumo wa simu za vitufe zenye intaneti. Huko India ukawekwa kwenye simu ya JioPhone. Kwetu ndio huo uliokuja 2019 ndani ya Smart Kitochi ya Vodacom. Hapo uhuria ulifanya kazi yake kama unavyotakiwa: mradi uliokufa mikononi mwa mmoja ukafufuka kwa mwingine. Lakini kilichowafanya watu wakinunue kitochi kile ni WhatsApp, na mwaka 2024 WhatsApp ikaondolewa kwenye duka la KaiOS. Safari hii Google hawakuwa na kosa; tena 2018 walikuwa wamewekeza dola milioni 22 kwenye KaiOS. Aliyeamua ni Meta, wenye WhatsApp. Nakutajia hili ili usidhani nina ugomvi na kampuni moja. Mfumo wa simu, uwe huria kiasi gani, unategemea programu mbili tatu ambazo watu hawawezi kuishi bila hizo, na wenye programu hizo wana uamuzi wao.

Na niwape Google haki yao. AOSP si kitu cha wanakijiji kuchangiana kila Jumamosi. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na wahandisi wanaolipwa mshahara na Google, mwaka baada ya mwaka. Kampuni au kikundi kikitaka kuchepusha Android, msimbo kinapewa bure, lakini kuanzia hapo viraka vya usalama vya kila mwezi (marekebisho ya kuziba mianya), chipu mpya, kamera mpya, 5G, vyote vinakuwa juu yake. Wengi wanaojiita wamejitenga bado wanasubiri Google watoe toleo jipya ndipo nao watoe lao.

Ndiyo sababu mambo ya 2025 yaliwashtua watu wa fani hii kuliko wasomaji wa kawaida. Machi mwaka huo Google walisema kazi yote ya kuiandika Android itafanyika ndani kwao, halafu msimbo utatolewa toleo likiwa tayari. Zamani sehemu ya kazi ilionekana hadharani ikiendelea. Juni, Android 16 ilipotoka, msimbo wa AOSP ulikuja bila mafaili ya kuiwezesha kwenye simu za Pixel, mafaili ambayo wajitolea walikuwa wameyazoea kama mfano wa kuanzia. Na kuanzia 2026 msimbo unatolewa mara mbili kwa mwaka. Leseni ni ileile, neno halijabadilika hata moja. Ila anayetaka kujenga pembeni sasa anajengea gizani kwa miezi kadhaa, kisha anatupiwa mzigo mzima kwa mkupuo.

Tufike kwa mwanafunzi wako wa pili. Agosti 2025 Google walitangaza kwamba kwenye simu za Android zilizoidhinishwa nao, programu haitawekwa mpaka aliyeitengeneza awe amejisajili kwao na kuthibitisha yeye ni nani, hata kama programu yenyewe haipiti Play Store. Inaanza Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kuanzia 2027 nchi nyingine. Usajili wa kawaida ni dola 25, na kitambulisho. Wanafunzi na wanaojifunza wameahidiwa akaunti ya bure ya kugawa kwa simu chache. F-Droid, duka la programu huria lililoanza 2010, wakasema wazi kwamba sharti hilo linaweza kuwaua, kwa sababu wao huijenga na kuisaini programu (kuipiga muhuri wa kidijitali) wenyewe kutoka kwenye msimbo wa watu mbalimbali, na wengi wa watu hao hawataki kumpelekea mtu yeyote kitambulisho chao. Kelele zikawa nyingi, na Novemba Google wakalegeza: wakasema watatengeneza njia ya watumiaji wazoefu kuweka programu zisizothibitishwa baada ya kupita maonyo kadhaa.

Kwa hiyo Xender yenu haifi. Kinachokaguliwa ni jina la ndani la programu na ufunguo uliotumika kuisaini, si barabara iliyopitia. Mwanafunzi akimrushia mwenzake APK ya WhatsApp halisi, saini ni ya WhatsApp, itaingia. Akimrushia GB WhatsApp, ambayo ni WhatsApp iliyochokonolewa na mtu asiyejulikana na kusainiwa upya, hapo ndipo itakapokwama. Kusema ukweli hiyo ya pili sitaililia. Nitakayemlilia ni kijana wa chuo aliyeandika kiprogramu cha kuhesabu mahudhurio ya wanafunzi, akakirusha kwenye kundi la walimu, kikatumika shule arobaini bila yeye kujua. Akaunti ya bure haitamtosha, na dola 25 na kitambulisho kwa kampuni ya ng'ambo si kitu ambacho kila mtu atakifanya kwa kazi ya kujitolea.

Sababu wanayoitoa Google ni usalama. Wanasema kwa uchambuzi wao programu zinazotoka nje, kwenye intaneti, zina virusi zaidi ya mara 50 kuliko za Play Store. Wizi huo upo, nani asiyejua mtu aliyetumiwa APK ya "mkopo wa haraka"? Ila kumbuka pia mwaka 2020, kampuni ya usalama ya Upstream ilipokuta virusi vya Triada na xHelper ndani ya simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Vilikuwa vinajiandikisha huduma za kulipia na kula salio la mwenye simu. Havikuletwa na APK ya kurushiana. Vilikuwemo simu ikitoka kwenye boksi, na kampuni mama ya Tecno ikamtupia lawama mzabuni mmoja katika mnyororo wake. Usajili wa waandishi wa programu usingevigusa.

Sasa simu yako.

Fundi akisema "mfumo huria" anamaanisha moja kati ya mawili. La kwanza ni LineageOS, mradi wa wajitolea ulioanza Desemba 2016 baada ya CyanogenMod, mradi ulioutangulia, kufungwa. Ni mfumo mzuri, lakini unatengenezwa simu kwa simu, na kwenye orodha yake rasmi utakuta Pixel, Motorola, Xiaomi, OnePlus. Simu za bei nafuu zinazojaa mikononi mwetu ni nadra kuziona. Sababu si dharau. Ili uitengenezee simu mfumo unahitaji msimbo wa kerneli yake, na watengenezaji wengi wa simu nafuu hawautoi ingawa GPL inawadai, na viendeshi, programu za kuifanya chipu ielewane na mfumo, navyo vimefungwa. Kwa hiyo naamini fundi wako ana mpango wa pili: kuweka mfumo wa jumla unaoitwa GSI. Tangu Android 8, Google waliitenganisha sehemu ya mfumo na sehemu ya mtengenezaji, ili sehemu ya mfumo iweze kubadilishwa peke yake. Ni moja ya mambo mazuri kabisa waliyoyafanya kwa upande wa uhuria, na inawezekana kweli simu yako ikaandika Android 12 au 13 kwenye mipangilio.

Chini ya hayo maandishi, hata hivyo, kerneli, viendeshi, redio na kamera vinabaki vilevile vya toleo la mwisho ulilopewa na mtengenezaji. Tundu la usalama lililokuwemo humo litabaki humo. Mara nyingi kamera inashuka ubora, kisoma alama za vidole kinagoma, na kupiga simu kupitia 4G kunakatika.

Na ili kuuweka mfumo huo lazima butiloda ifunguliwe. Butiloda ni programu ndogo inayoamka kwanza ukibonyeza kitufe cha kuwashia. Inakagua kama mfumo unaotaka kuwaka umesainiwa kwa ufunguo wa mtengenezaji, ikiona sivyo inakataa. Kuifungua kunafuta kila kitu kilichomo, picha na mazungumzo ya WhatsApp usiyoyahifadhi. Simu za Pixel zinakuruhusu baadaye kuifunga tena kwa ufunguo wa mfumo wako mpya, ndiyo maana GrapheneOS, mfumo huria wenye sifa kubwa kuliko yote kwa usalama, unatengenezwa kwa Pixel tu. Simu nyingi nyingine zikishafunguliwa zinabaki wazi. Mtu akiiokota yako, naye ataweka anachotaka.

Jambo ambalo fundi hakukwambia linatokea hapa. Programu za benki huuliza huduma ya Google iitwayo Play Integrity: simu hii ni halisi, imeidhinishwa, butiloda imefungwa? Ikiwa wazi, jibu linarudi hapana, na benki inaweza kukufungia mlango. Ukiondoa Google yote kama fundi anavyotaka, hata wa kuulizwa hatakuwepo. Umeenda kwa fundi kwa ajili ya programu ya benki, na dawa anayokupa inaua programu ya benki.

Hapa ndipo ninapokuwa na manung'uniko ya kweli. Android 9 iliacha kupewa viraka vya usalama 2022. Simu yako ina matundu yanayojulikana na kila mwizi, lakini kwa kuwa ina mfumo wa kiwandani na butiloda imefungwa, ukaguzi huo wa kawaida inaupita. Mtu mwenye Pixel yenye GrapheneOS iliyowekewa viraka wiki iliyopita, anafeli, kwa kuwa mfumo wake haukuidhinishwa na Google. Watengenezaji wa GrapheneOS wamewaonyesha wenye benki njia mbadala ya kuikagua simu kupitia chipu yenyewe, bila kupitia idhini ya Google, na ni wachache walioitumia. Benki zinachagua njia rahisi, Google wanaitoa, na mfumo huria unaonekana wa kihuni hata ukiwa ndio wenye ulinzi bora.

Lipo na la IMEI, namba ya utambulisho ya kila simu. Simu yako ikiwa na chipu ya MediaTek, kama Tecno nyingi, mafundi hutumia SP Flash Tool. Kwenye programu hiyo kuna chaguo la kufuta kila kitu kabla ya kupakia. Akilibonyeza bila kuhifadhi kwanza eneo linaloitwa NVRAM, IMEI zinapotea, na simu inakosa mtandao hata ukibadilisha laini. Atakwambia usijali, nitakuandikia nyingine. Kumwandikia mtu IMEI isiyo ya simu yake ni kosa la kisheria hapa Tanzania, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilishazima simu za IMEI bandia kwa mkupuo tarehe 16 Juni 2016. Ungeniambia simu hii umeichukua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, ningekwambia hata usimsogelee fundi, kwa sababu simu hizo zina kufuli ya mkopeshaji ndani ya mfumo na kuigusa ni kuvunja mkataba.

Kwa hiyo usimpe. Si kwa sababu mfumo huria ni mbaya; mimi mwenyewe natumia. Ni kwa sababu kwa simu hii na hitaji hili, utapoteza zaidi ya utakachopata. Uzito wa simu unaweza kuupunguza bila kuflashi: ingia kwenye mipangilio, zima programu za kiwandani usizotumia, hamisha picha, futa video za makundi ya WhatsApp, kisha iwashe upya. F-Droid unaweza kuiweka hivihivi leo ukapata kisoma PDF na kivinjari chepesi visivyo na matangazo, bila kuitoa Google.

Kuhusu pesa zako, kumbuka kitu ambacho Afrika Mashariki tunacho na wengine wengi hawana. M-Pesa ya *150*00#, CRDB ya *150*03#, NMB ya *150*66#, zote zinapita kwenye laini na mtandao wa simu. Hazijui Play Integrity ni nini wala hazijali Android ni ya ngapi. Zinafanya kazi kwenye kitochi, kwenye LineageOS, kwenye simu ya Huawei, kwenye chochote chenye uwezo wa kupiga. Ni mfumo wa zamani, menyu zake zinachosha na una udhaifu wake wa usalama, lakini hakuna kampuni ya California inayoulizwa kabla hujatuma ada ya mtoto.

Wanafunzi wako wakitaka kujifunza, watafute simu mbovu ya mtu, Motorola au Xiaomi ya zamani iliyomo kwenye orodha ya LineageOS, waifungue butiloda kwa mikono yao wenyewe na waone kila hatua. Ipo pia mifumo ya Linux ya simu, Ubuntu Touch na postmarketOS, hazina uhusiano wa mikataba na Google, nazo ni shule nzuri, ila sizipendekezi kwa simu ya mtu anayesubiri ujumbe wa mshahara.

Kabla ya kuamua kununua nyingine, ifungue tena programu ya benki usome neno kwa neno inachoandika. Ikisema toleo la Android halikubaliki tena, basi benki imeacha kuiandalia programu Android ya zamani, na hakuna fundi wa kukusaidia kihalali. Ukinunua, angalia kwanza mtengenezaji ameahidi viraka vya usalama kwa miaka mingapi, kabla ya kuangalia kamera. Ikisema simu imechokonolewa au imerutiwa, yaani kufuli za mfumo wake zimevunjwa, na wewe hujawahi kuigusa, basi kuna aliyeigusa kabla yako, na hapo badilisha nywila ya benki leoleo kwa kutumia simu nyingine.